Anthony van Dyck: mgeni aliyewapa Waingereza sura yao

Mwaka 1642 malkia wa Uingereza, Henrietta Maria, alifika Uholanzi. Miongoni mwa waliokutana naye alikuwamo binti wa miaka 11, Sophia, ambaye mama yake alikuwa dada wa mfalme Charles wa Kwanza. Sophia alikuwa amemzoea malkia huyo kwenye picha tu, na kwa picha hizo alitarajia kumwona mrembo wa kupigiwa mfano. Alichokiona, kama alivyokuja kusimulia ukubwani, ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mirefu iliyokonda, mabega yasiyolingana na meno yaliyochomoza. Aliyewapotosha macho watu kiasi hicho alikuwa amefariki dunia miezi michache tu kabla. Ni yeye tunayemwangazia katika makala haya: Anthony van Dyck.

Alizaliwa Machi 22, 1599 mjini Antwerp, katika Ubelgiji ya leo, akiwa mtoto wa saba wa mfanyabiashara wa vitambaa. Mama yake alisifika kwa kudarizi, lakini alifariki kijana huyu akiwa na miaka minane. Wako wanaosema ustadi wake wa kuchora hariri hadi ukadhani utaisikia ikichakacha ulitoka nyumbani humo, nasi hatuoni sababu ya kuwabishia. Akiwa na miaka 10 alipelekwa kujifunza uchoraji kwa Hendrick van Balen, na mwaka 1618 chama cha wachoraji cha mji huo kikamtambua kuwa fundi kamili. Alifanya kazi pia na Peter Paul Rubens, mchoraji aliyevuma kuliko wote Antwerp.

Mara ya kwanza alipofika London, mwishoni mwa 1620, alikaa miezi michache tu. Akaenda Italia, akawachora matajiri wa Genoa, akazisoma kazi za Titian kwa bidii. Mwaka 1624 tauni ilimkuta Palermo, na huko huko alikutana na Sofonisba Anguissola, mchoraji mwanamke aliyekuwa ajuza na macho yakififia, akachukua kwake mafunzo aliyoyakumbuka baadaye.

Aliporudi London mwaka 1632, hali ya picha za watu nchini Uingereza ilikuwaje? Kwa muda mrefu mkubwa wa Kiingereza alichorwa amesimama wima kama mlingoti, nguo na vito vikionekana kuliko uso. Mchoraji wa mfalme, Daniel Mytens kutoka Uholanzi, alikuwa ameanza kuyalegeza mambo, lakini alipofika Van Dyck nafasi yake ilififia, naye akarejea kwao. Mgeni huyu alipewa hadhi ya Sir mwaka huo huo, kisha nyumba Blackfriars kando ya mto Thames na ahadi ya pauni 200 kwa mwaka.

Charles alikuwa mfupi, mpole wa sauti na mwenye kigugumizi. Alikuwa pia amelifunga Bunge tangu 1629 na kutawala peke yake. Mfalme wa namna hiyo alimhitaji mtu wa kumkuza. Katika picha iliyoko Louvre, Paris, mfalme ameshuka farasini, mkono kiunoni, bila taji wala fimbo ya enzi. Mchoraji amemtazama kutoka chini kidogo, na farasi ameinamisha shingo, hivyo mfupi yule anaonekana mrefu kuliko wote. Ujanja wenyewe ni huo tu, na unafanya kazi hadi leo. Sisi wa redio, ambao sura zetu hazionekani, tunakiri tuliitazama mara tatu ndipo tukaugundua.

Kazi ilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Inasimuliwa kwamba hakukaa na mteja zaidi ya saa moja kwa siku. Saa ikiisha aliinuka, akainama kwa heshima, na mteja wa pili akaingia. Alichora mkao haraka kwa chaki, nguo zikabaki karakanani ili wasaidizi wazichore, na mikono mara nyingi ilitokana na watu walioajiriwa wakae tu waigwe. Hivyo vidole virefu vyembamba tunavyoviona kwa mabwana wengi huenda si vyao.

Pamoja na sifa zote hizo, malipo yalisuasua. Mwaka 1638 alipowasilisha hesabu yake kwa mfalme, Charles alipunguza bei ya picha kadhaa, na pensheni yake ilikuwa haijalipwa kwa miaka mitano. Van Dyck alianza kutafuta kazi kubwa Antwerp na Paris, asifanikiwe. Mwaka 1640 alimwoa Mary Ruthven, mmoja wa wanawake waliomhudumia malkia. Binti yao alizaliwa Desemba 1, 1641. Siku nane baadaye baba alifariki, akiwa na miaka 42.

Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka. Ndugu wawili wa ukoo wa Stuart, vijana aliowachora wakiwa na viatu vya visigino na hariri ya kumeremeta, wote waliuawa wakimpigania mfalme. Charles mwenyewe alikatwa kichwa Januari 30, 1649, na picha zake zikauzwa.

Lakini mtindo ulibaki. Utawala wa kifalme uliporejeshwa, Peter Lely alishika cheo cha Van Dyck na kumfuata hatua kwa hatua. Zaidi ya karne moja baadaye Thomas Gainsborough alimchora kijana aliyevaa mavazi ya buluu ya enzi ya Van Dyck, picha iliyoonyeshwa mwaka 1770 na ambayo sasa iko California. Inaelezwa kwamba hata kitandani mwa mauti, mwaka 1788, Gainsborough alilitaja jina la Van Dyck.

Alizikwa katika kanisa kuu la St Paul's, London, na moto wa 1666 uliliteketeza pamoja na kaburi lake. Mwaka 2014 Waingereza walichanga fedha ili picha aliyojichora mwishoni mwa maisha yake isiuzwe nje ya nchi. Ilinunuliwa kwa pauni milioni 10. Hana mkufu wala upanga humo, amegeuza shingo tu na kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa akiwa kazini.