Coluche
Michel Gérard Joseph Colucci (28 Oktoba 1944 – 19 Juni 1986), maarufu kwa jina la Coluche, alikuwa mchekeshaji na mwigizaji wa Ufaransa mwenye asili ya Italia.

Alizaliwa Paris. Baba yake, mpaka rangi, alifariki mapema, naye akalelewa na mama yake katika umaskini.

Mwaka 1980 alitangaza kugombea urais. Ulionekana mzaha, lakini kura za maoni zilipompa hadi asilimia 16, wanasiasa waliacha kucheka. Alijitoa mwaka 1981. Filamu ya Tchao Pantin (1983) ilimpatia tuzo ya César.

Mwaka 1985 alianzisha Restos du Cœur, shirika la kuwagawia maskini chakula wakati wa baridi. Hakuuona msimu wa pili: pikipiki yake iligongana na lori huko Opio. Shirika lingali linagawa chakula.