Maisha ya Adolph Zukor: Mwenye Hadithi na Mwenye Mlango

Kila hadithi inayomfikia mtu hupitia mikono mitatu: wa mtunzi, wa msafirishaji, na wa mwenye mahali ambapo hadhira huketi kuipokea. Katika fasihi simulizi, mikono hiyo mara nyingi ni ya fanani mmoja aliyeketi na hadhira yake. Katika filamu, kila hatua huhitaji mtaji wake, na historia ya kampuni kubwa za filamu za Marekani ni historia ya juhudi za kuziweka hatua zote tatu chini ya paa moja. Maisha ya Adolph Zukor, mwasisi wa kampuni iliyokuja kujulikana kama Paramount, yanalidhihirisha jambo hilo kwa namna ya pekee. Zukor alifariki mwaka wa 1976, miongo mitatu kabla ya filamu kuanza kutiririshwa kwenye intaneti hadi sebuleni mwa watazamaji. Hata hivyo, njia zinayoifuata kampuni hizo katika karne hii ni yeye aliyeifyeka.

Malezi na Safari

Zukor alizaliwa tarehe 7 Januari 1873 katika kijiji cha Ricse, nchini Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, aliyekuwa na duka dogo, alifariki Adolph akiwa bado mtoto mchanga. Mama naye akafuata miaka michache baadaye. Yatima huyo alilelewa na mjomba wake, aliyekuwa rabi na aliyewatarajia Adolph na kaka yake Arthur kufuata njia ya dini. Arthur alitimiza matarajio hayo. Adolph alivutiwa na biashara, akawekwa dukani kujifunza kazi.

Akiwa angali kijana, alivuka bahari hadi New York, fedha zake chache zikiwa zimeshonewa ndani ya nguo. Alianza kwa kibarua katika karakana ya kushonea viti vitambaa, kisha akaingia katika biashara ya mavazi ya manyoya ya wanyama, iliyompeleka Chicago. Huko alimwoa Lottie Kaufman mwaka wa 1897. Biashara ya manyoya hutegemea mitindo: asiyeweza kubashiri wanawake watapenda kuvaa nini msimu ujao hubaki na mzigo usionunulika. Zukor aliimudu biashara hiyo, akarudi New York akiwa na akiba ya kutosha kujaribu jambo jingine.

Mwaka wa 1903, yeye na wenzake walifungua ukumbi wa burudani katika Barabara ya 14, jijini New York. Ukumbi ulijaa mashine. Mteja alitumbukiza senti moja, akachungulia kwenye tundu na kutazama picha zikitembea, au akasikiliza muziki wa santuri. Baadaye Zukor alifungua ukumbi wa sinema katika ghorofa ya juu. Ili kuwashawishi wapita njia wapande, alijengewa ngazi za kioo ambazo chini yake maji yalitiririka yakimulikwa na taa. Watu walipanda kwa ajili ya ngazi, wakakaa kwa ajili ya picha. Tangu siku hizo za mwanzo, basi, Zukor alifahamu kuwa mlango una nguvu sawa na kile kilichomo ndani.

Kuzaliwa kwa Filamu Ndefu

Wakati huo filamu nyingi za Marekani zilidumu kwa takriban robo saa tu. Kampuni za Thomas Edison na washirika wake, zilizoungana mwaka wa 1908, zilidhibiti hataza za kamera na mitambo ya kuonyeshea filamu, na ziliona kuwa umma hauwezi kuketi kitako kwa muda mrefu zaidi. Zukor hakukubaliana nazo. Alishikilia kwamba watu wanaoweza kuketi saa mbili mbele ya jukwaa la tamthilia wangeweza kuketi vivyo hivyo mbele ya kitambaa cheupe, mradi waonyeshwe kisa chenye uzito na waigizaji wenye sifa.

Mwaka wa 1912 alipata haki za kuonyesha Marekani filamu ya Kifaransa kuhusu Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliyoigizwa na Sarah Bernhardt, nyota mkuu wa jukwaa la Ulaya enzi hizo. Ilionyeshwa mwezi wa Julai katika ukumbi wa Lyceum, ambao ulikuwa wa tamthilia wala si wa sinema. Kwa kuchagua ukumbi huo, Zukor aliinyanyua filamu kutoka vibanda vya senti na kuikalisha mezani pamoja na sanaa zilizokuwa zikiheshimiwa. Alianzisha kampuni ya Famous Players, na mwaka wa 1913 ikatoa The Prisoner of Zenda. Miongoni mwa waigizaji waliojiunga naye ni Mary Pickford. Umaarufu wa binti huyo ulikua kwa kasi kiasi kwamba mkataba wake wa mwaka wa 1916 ulimhakikishia dola 10,000 kwa wiki. Pickford alidai kiasi hicho kwa sababu foleni mbele ya kumbi ziliweza kuonekana na tiketi ziliweza kuhesabiwa.

Kuutwaa Mlango

Kampuni ya Paramount haikuanzishwa na Zukor. Ilianzishwa mwaka wa 1914 na W. W. Hodkinson kwa ajili ya usambazaji: ilizikusanya filamu za watayarishaji mbalimbali, ikazipeleka kumbini kote nchini, ikachukua asilimia 35 ya mapato. Zukor, ambaye kampuni yake ndiyo iliyotoa filamu nyingi za kusambazwa, alitambua kuwa msafirishaji alikuwa akinenepa kuliko mkulima. Mwaka wa 1916 alijipatia hisa za kutosha, Hodkinson akaondolewa uongozini, na kampuni ya Zukor ikaungana na ya Jesse L. Lasky. Utayarishaji na usambazaji ukawa mikononi mwa uongozi mmoja.

Uongozi huo uliuza filamu kwa mafungu. Mwenye ukumbi aliyezitaka filamu za Pickford alilazimika kuchukua na nyingine nyingi ambazo hakuwa amezitazama. Wenye kumbi walichoshwa na mtindo huo. Mwaka wa 1917 baadhi yao waliungana na kuunda First National, wakaanza kugharamia filamu zao wenyewe, na mwaka uliofuata wakampata Pickford mwenyewe. Waliokuwa wakionyesha tu sasa walikuwa watayarishaji.

Zukor alijibu kwa kufanya kinyume chake. Mwaka wa 1919 alipata dola milioni 10 kupitia soko la fedha la Wall Street, akaanza kununua kumbi. Wapo wamiliki waliouza kwa hiari, na wapo waliolalamika kwamba walitishiwa kujengewa ukumbi mkubwa zaidi kando ya wao. Mwaka wa 1921 tume ya serikali inayosimamia ushindani wa kibiashara iliishtaki kampuni hiyo, lakini ununuzi haukukoma. Kufikia mwaka wa 1930, Paramount ilikuwa na zaidi ya kumbi elfu moja. Ilitayarisha filamu, ikaisafirisha, ikauza tiketi mlangoni. Ilikuwa pia imenunua, mwaka wa 1929, karibu nusu ya shirika la redio la CBS.

Mlango Unapogeuka Mzigo

Nyingi za kumbi hizo zilinunuliwa kwa hisa badala ya fedha taslimu, pamoja na ahadi kwamba kampuni ingezinunua tena hisa hizo kwa bei iliyopangwa. Soko la hisa lilipoporomoka mwezi wa Oktoba 1929, ahadi hiyo ikawa kitanzi. Watazamaji walipungua, madeni ya majengo yakabaki pale pale. Hisa za CBS ziliuzwa mwaka wa 1932, lakini hazikutosha kuziba pengo, na mwaka wa 1933 Paramount ikafilisika. Ilipofufuliwa mwaka wa 1935, madaraka hayakurudi kwa Zukor. Mwaka wa 1936 urais ulikwenda kwa Barney Balaban, ambaye alikuwa mtu wa kumbi, na Zukor akaachiwa uenyekiti wenye heshima nyingi na mamlaka machache.

Pigo la pili lilitoka serikalini. Mwaka wa 1938 Wizara ya Sheria ya Marekani ilizishtaki kampuni nane kubwa za filamu kwa kuhodhi soko, Paramount ikitajwa ya kwanza. Kesi ilidumu miaka kumi. Mwezi wa Mei 1948 Mahakama ya Juu iliharamisha uuzaji wa filamu kwa mafungu na kufungua njia ya kuzitenganisha kampuni hizo na kumbi zao. Paramount iligawanywa mara mbili kufikia mwisho wa mwaka wa 1949. Mwaka huo huo, Zukor alitunukiwa Oscar ya heshima kwa mchango wake katika kuiasisi filamu ndefu nchini Marekani. Alituzwa kwa ajili ya hadithi, akapokonywa mlango.

Mambo mawili yaliyofuata yanastahili kuzingatiwa. Kampuni ya kumbi iliyotenganishwa na Paramount iliungana na shirika la televisheni la ABC mwaka wa 1953, ikaingia katika chombo kilichokuwa kikiwavuta watazamaji kutoka kumbini. Nayo Paramount, mwaka wa 1958, iliiuzia kampuni ya MCA filamu zake takriban 700 za miaka ya 1929 hadi 1949. Bei yake ilikuwa dola milioni 50. Filamu hizo zilionekana kuwa mabaki ya zamani. Ziliendelea kumletea mapato mnunuzi kwa miongo mingi, na MCA ilipoinunua Universal mwaka wa 1962, sehemu kubwa ya kazi ya Zukor ikawa mali ya mshindani wake.

Zukor aliyashuhudia yote hayo. Mwaka wa 1966 aliona Paramount ikinunuliwa na Gulf and Western, kampuni iliyoanza kwa kuuza vipuri vya magari. Alitimiza miaka 100 mwaka wa 1973, akafariki tarehe 10 Juni 1976 jijini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 103.

Mlango Mpya

Netflix ilianza kutiririsha filamu za wengine mwaka wa 2007. Kufikia mwaka wa 2013 ilikuwa ikitoa tamthilia zake yenyewe, kama vile wenye kumbi wa First National walivyofanya mwaka wa 1917. Kampuni kongwe zilijibu kama Zukor alivyojibu mwaka wa 1919: kwa kujitafutia mlango. Disney ilifungua wake mwezi wa Novemba 2019, na Paramount mwezi wa Machi 2021. Filamu za zamani, zilizouzwa mwaka wa 1958 kama mabaki, sasa zikawa hazina ya kuwashika waliojiandikisha. Mwezi wa Agosti 2020, kwa ombi la serikali, mahakama ya New York iliyafuta masharti yaliyotokana na kesi ya 1948, ikitoa muda wa miaka miwili kwa baadhi ya vipengele vyake. Gharama ya mlango mpya nayo ilijitokeza. Paramount ilipata hasara kwa miaka kadhaa katika huduma yake ya intaneti, na mwezi wa Agosti 2025 ikaunganishwa na Skydance chini ya wamiliki wapya.

Tofauti moja, hata hivyo, ni kubwa. Mlango wa Zukor ulikuwa barabarani, na foleni yake ilionekana na kila mtu. Mlango wa intaneti kwa muda mrefu ulimwonyesha mwenyewe tu idadi ya walioingia. Ndiyo maana waandishi wa Hollywood walipogoma kwa siku 148 mwaka wa 2023, na waigizaji kwa siku 118, moja ya hoja zao ilikuwa malipo yanayolingana na idadi ya watazamaji, na haki ya kuijua idadi hiyo. Mary Pickford hakuhitaji kugoma ili aambiwe ni wangapi waliomtazama.

Zukor hakuwa malaika wala mnyang'anyi mtupu. Aliipa filamu urefu, hadhi na nyota, na aliwabana wenye kumbi ndogo waliokosa mahali pa kulalamikia. Maisha yake yanaonyesha kuwa anayetunga bila mlango huishi kwa hisani ya mwenye mlango, na anayekusanya milango kupita uwezo wake huangukiwa nayo. Hukumu ya mwaka wa 1948 iliwatenganisha wawili hao ili mtunzi mdogo naye apate pa kupitia. Wawili hao sasa wameungana tena, na mtunzi mdogo amerudi kubisha hodi palepale walipokuwa wakibisha wenzake enzi za Zukor.