Maisha ya Bibi Martha Hughes Cannon

Katika mwaka wa 1857, karibu na Llandudno katika nchi ya Wales, alizaliwa Martha Hughes. Alipokuwa mtoto mdogo, wazazi wake, waliokuwa Wamormoni, walihamia Marekani. Safari ile iliwaletea msiba: nduguye mdogo alifia njiani, na baba yake akafa siku tatu tu baada ya kufika Salt Lake City.

Binti huyu hakukata tamaa. Alifundisha watoto, kisha akapanga herufi katika nyumba ya kupiga chapa, akiweka akiba mpaka akaweza kujifunza utabibu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Akahitimu mwaka wa 1880.

Mwaka wa 1884 aliolewa na Angus Cannon, akawa mke wake wa nne. Sheria ilikataza ndoa za namna hiyo, naye alikuwa amewazalisha wanawake wengi. Basi kwa kuogopa kuitwa mahakamani kuwashuhudia, alikimbilia Uingereza pamoja na mtoto wake mchanga. Baadaye akarudi.

Wanawake wa Utah walipewa kura mwaka wa 1870, wakanyang'anywa mwaka wa 1887, wakarudishiwa mwaka wa 1896, Utah ilipofanywa jimbo kamili. Mwaka huo huo Martha alisimama kutaka kiti katika Seneti ya jimbo, na mumewe naye akasimama kwa chama kingine. Viti vilikuwa vitano. Mke akachaguliwa, mume akakosa. Ndivyo alivyokuwa mwanamke wa kwanza katika Marekani yote kuwa seneta wa jimbo.

Cheo hicho hakukitumia kwa kujisifu. Alitengeneza sheria watoto viziwi na vipofu wafundishwe, wanawake wafanyao kazi walindwe afya zao, na jimbo liwe na halmashauri ya afya.

Lakini mwaka wa 1899 alimzaa mtoto wa tatu, na mumewe akashtakiwa kwa ajili ya ndoa ile. Aibu ikamwangukia mama, wala hakusimama tena. Alikufa mwaka wa 1932. Mwaka wa 2024 sanamu yake iliwekwa katika jumba la Bunge huko Washington.

Ndoa yake sisi hatuisifu. Lakini twaona ya kuwa aliyechaguliwa na watu aliwakumbuka wasioweza kujisemea. Je, sisi tuwachaguapo wazee na wajumbe wetu, twamtazama mtu wa namna gani?