Haldane, munganga aliyeonja hewa ya shimoni

Wandugu wa shimoni, hewa mbaya haipigi hodi. Wengi wetu tumejifunza hivyo kwa machozi ya matanga. Leo tunawaletea maisha ya mutu aliyejifunza hivyo kwa mwili wake mwenyewe.

John Scott Haldane alizaliwa mwezi wa tano 1860, katika mji wa Edinburgh, Scotland. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa mali, angeweza kukaa paka na vitabu vyake. Alisoma uganga, akafundisha Oxford, lakini kazi yake kubwa aliifanya chini ya udongo, pamoja na wachimbaji.

Mwezi wa kwanza 1896, mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kule Wales, ulilipuka. Watu 57 walikufa. Ilizoeleka kufikiri kwamba katika ajali kama ile ni kishindo na moto vinavyoua. Haldane akaenda kuangalia maiti, akaona wekundu usio wa kawaida katika ngozi na damu. Kumbe wengi waliuawa na monoksidi ya kaboni, gesi inayobaki kisha mlipuko, isiyo na harufu wala rangi. Wale watu walipona mlipuko. Hewa ndiyo iliwamaliza.

Alijuaje nguvu ya ile gesi? Alikuwa ameivuta yeye mwenyewe, huku akipima damu yake, mpaka karibu nusu ya damu ikashikwa na sumu na miguu ikakataa kumbeba. Ndiyo maana alishauri wachimbaji washuke na panya ao ndege mdogo, juu mnyama mdogo anapumua mbio na anaanguka mbele ya mutu. Ile kanari ilitumika katika migodi ya Uingereza mpaka 1986.

Mwaka 1904 alitoa ripoti juu ya wachimbaji wa bati wa Cornwall. Watu waliotoboa jiwe kwa mashine walikuwa wakikohoa na kufa wangali na nguvu, wengine wao walipitia migodi ya dhahabu ya Transvaal. Haldane akaonyesha kwamba kosa ni la vumbi la jiwe, akataka watoboe kwa maji. Sisi tunaotoboa leo, habari ile ni yetu.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa ine 1915, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na Ypres, Ubelgiji. Serikali ya Uingereza ikamtuma Haldane. Wakati uleule gazeti moja la London liliita wamama washone vitambaa vya pamba vya kufunga mdomo, na maelfu vikatengenezwa mbio mbio. Moyo ulikuwa muzuri, lakini havikujaribiwa. Haldane alipovipima akaona havifai: vikiwa vikavu gesi inapita, vikilowa mutu hapati pumzi. Basi yeye, mtoto wake na wataalamu wengine wakatumia chumba kidogo chenye kioo, wakaachilia klorini ndani, wakaingia kwa zamu, wenye masiki na wasio na masiki. Walitaka kujua mutu anavumilia dakika ngapi akiwa anafanya kazi, si akiwa amekaa kwenye kiti.

Haldane alikufa Oxford mwezi wa tatu 1936, akiwa na miaka 75. Alikuwa ametoka tu Uajemi na Iraki, alikoenda kuangalia namna joto linavyoumiza wafanyakazi wa mafuta.

Sisi wa sendika tunashika nini katika maisha yale? Kwamba masiki haijulikani kwa kuiangalia ndani ya kartoni. Mara nyingi tunapewa, tunasaini, basi. Saizi moja kwa wote: mwenye uso mwembamba, mwenye mashavu makubwa, mwenye ndevu. Na nafasi ndogo pembeni ya pua inatosha kupitisha vumbi zamu nzima.

Kipimo kipo. Kwanza wanakuonjesha mvuke mtamu ao muchungu, kuhakikisha ulimi wako unausikia. Kisha unavaa masiki, wanakufunika kichwa na kofia kubwa ya plastiki, wanapuliza ule mvuke ndani. Unapumua kwa nguvu, unageuza kichwa kushoto na kuume, unainama, unaongea. Ukisikia ladha, masiki haikushika uso: uivae upya vizuri, ao upewe ya namna ingine, na kipimo kirudiwe. Ndevu zinyolewe pale masiki inapogusa ngozi. Kule Marekani sheria inaagiza kipimo hiki mbele ya kutumia masiki ya kubana uso, na tena kila mwaka. Na tusidanganyane: masiki ya vumbi, hata ikishika vizuri, haizuii monoksidi ya kaboni. Kwa gesi ile dawa ni hewa safi, chombo cha kupima, na kutoka mbio.

Kwa hiyo tunaomba kipimo cha masiki kiandikwe katika mapatano yetu na wakubwa wa kazi, na kifanywe ndani ya saa za kazi. Wakituletea tena karatasi ya kusaini, mbele ya kushika kalamu tuulize: hii masiki imejaribiwa juu ya uso wa nani?