Je, tumchungulie mgombea hadi nyumbani kwake?

Huku kwetu Mwaya, ibada ikiisha watu hawatawanyiki haraka. Husimama chini ya mwembe, wakaulizana habari za mpunga na bei ya kakao, na uchaguzi ukikaribia huzungumzia wagombea. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema fulani amemtelekeza mke na watoto, hafai. Mwingine anamjibu kwamba tunatafuta mtu wa kutuletea barabara na daraja, hatutafuti mkwe. Ya nyumbani kwake tumwachie mwenyewe.

Huenda na wewe umewahi kusimama upande mmoja wa ubishi huo. Leo nakuomba tuupime kwa kuyatazama maisha ya mtu unayemfahamu, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Baba yake alikuwa na wake 22. Kambarage alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12 hivi, akaendelea Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa mwaka 1943 na kuitwa Julius. Baada ya masomo ya Edinburgh alirudi nyumbani, na Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel. Ndoa hiyo ilivunjwa na kifo tu.

Je, ungempima kijana yule kwa desturi ya boma alimozaliwa, ungemjua? Usingemjua. Basi tushike hili kwanza: mtu hapimwi kwa baba yake, ukoo wake wala kabila lake. Anapimwa kwa yale aliyoyachagua mwenyewe.

Na yeye alichagua nini? Mwaka 1955 alikuwa mwalimu Pugu, ana mshahara na familia changa. TANU ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja. Ilipombidi achague kati ya ualimu na siasa, aliuacha mshahara. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akajiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge chama. Mwaka 1966, baada ya mgogoro na wanafunzi wa chuo kikuu, aliupunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Ndani yake kulikuwa na masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Asiwe na hisa katika kampuni, wala ukurugenzi katika kampuni ya kibepari. Na ili mtu asifiche mali kwa kuiandika jina la mwenzake, masharti yaliwahesabu mume na mke pamoja. Unaona, msomaji? Taifa zima liliambiwa kwamba kilichomo ndani ya nyumba ya kiongozi kinamhusu mwananchi, kwa sababu ndiko mali ya umma inakoishia ikiibwa. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, yeye akiwa ameshang'atuka urais tangu 1985.

Mei Mosi ya mwaka 1995, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, Mwalimu alisimama Mbeya, mjini kwa mkoa wetu. Aliwakemea wanaonunua kura kwa rushwa na wanaoomba kura kwa kabila au dini. Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu msemaji alikuwa ametawala zaidi ya miaka 20 na watu hawakumwona akijitajirisha.

Lakini tusimfanye malaika. Chini yake ilipitishwa sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Miaka ya sabini watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Mwalimu aliyehudhuria Misa kwa uaminifu ndiye huyo huyo aliyekuwa Rais mambo hayo yakitendeka. Mkono usioiba haukumkinga na makosa ya utawala. Kwa hiyo usafi wa nyumbani hautoshi. Lazima pia tuulize mgombea ana mpango gani, na je, anaweza kuambiwa kwamba amekosea?

Wale wa upande wa pili chini ya mwembe watashangilia hapo. Wasiwahi. Someni 2 Samweli 11. Tamaa ya Daudi ilianzia juu ya dari ya nyumba yake, jambo la siri kabisa. Kabla sura haijaisha, jeshi la taifa lilikuwa limetumika kumuua Uria. Siri ya mfalme ikipata madaraka haibaki siri ya mfalme. Ndiyo maana Mungu alimtuma Nathani, naye Nathani hakuambiwa kwamba hayo hayamhusu.

Nionavyo mimi, mstari upite hapa. Ugonjwa wa mgombea, ugumba wake, ujane wake, na umbea usio na shahidi, tuyaache. Mara nyingi huwaumiza zaidi wagombea wanawake, ambao huulizwa habari za mume kabla ya kuulizwa habari za maji. Bali tuulize: anawatendeaje wasio na nguvu ya kumdai? Watoto wake wanakula? Kibarua aliyemvunia mpunga amelipwa? Mali yake imetoka wapi? Mtu asiyetimiza ahadi kwa walio mezani pake, ahadi ya daraja atamtimizia nani? Katika Kutoka 18:21 Yethro alimshauri Musa atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wanaochukia mapato ya dhuluma. Uwezo umo, na tabia imo. Hakumwambia achague kimoja.

Mwisho, mpendwa, turudi kwako na kwangu. Tunataka kuyajua maisha ya siri ya mgombea, na sisi tuna siri yetu: ile bahasha inayoletwa usiku, kanga, kilo mbili za sukari. Tukizipokea, tumekuwa sehemu ya nyumba yake, na hatuna tena mdomo wa kumuuliza chochote. Mwalimu alikufa tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama alikozaliwa. Nchi ilimlilia, na hata waliobishana naye hawakusema aliwaibia. Kabla hujamwombea mgombea wako wiki hii, jiombee wewe mpiga kura, Mungu akupe mikono mitupu siku ile ya kushika karatasi ya kura.