Robert Koch na Njia ya Iringa: Maisha Yake na Funzo kwa Shule Zetu Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Mwezi Machi mwaka 2020, siku moja baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, Serikali ilitangaza kuzifunga shule. Wanafunzi wa Kidato cha Sita na wa vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Huko Mbeya na Iringa huo ndio wakati wa baridi kali, ambapo mwalimu aingiapo darasani hufunga madirisha kwanza ndipo afungue kitabu. Basi walimu wetu walijikuta katika mashaka: wafungue madirisha watoto watetemeke, au wayafunge wavute hewa ileile moja? Agizo la kufungua shule lilikuwa limetolewa. Lakini namna ya kuishi ndani ya darasa lililofunguliwa ilibaki mikononi mwa mwalimu.

Ili kulitazama jambo hili kwa makini, yafaa tuyarejee maisha ya mganga mmoja Mjerumani aliyewahi kuipita njia ya Iringa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, kwenye eneo la migodi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1872 akawa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini yake, chumba nyumbani kwake, na wagonjwa wengi wa kutibu mchana kutwa.

Wakati huo kimeta kilikuwa kikiua mifugo wilayani humo. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaiingiza katika panya kwa vijiti vyembamba vya mti, kisha akavikuza vijidudu hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe. Mwaka 1876 aliweza kuonyesha kwamba kidudu cha namna moja ndicho kinacholeta ugonjwa huo, na kwamba mbegu zake huweza kukaa muda mrefu ardhini zikingoja mnyama mwingine. Mwalimu anayelalamika kwamba hana zana za kufundishia na azingatie vijiti vile vya Wollstein.

Baadaye aliitwa Berlin, na huko akapata njia ya kutenganisha vijidudu vya aina mbalimbali. Aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa huota madoa ya rangi tofauti, na kila doa ni jamii ya vijidudu vya namna moja. Kutoka katika kiazi hicho alihamia kwenye vyakula vingine vya kukuzia vijidudu. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amekiona kidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao watu wengi waliuhesabu kuwa ni wa kurithi. Mwaka 1883 alikwenda Misri kuchunguza kipindupindu, kisha akaendelea hadi Calcutta, India, ambako mwaka 1884 alikipata kidudu chake katika bwawa walilotumia watu kwa kunywa, kuoga na kufulia.

Mwezi Agosti mwaka 1892 kipindupindu kiliushambulia mji wa Hamburg, na Koch akatumwa huko. Watu zaidi ya 8,000 walikufa. Shule zilifungwa. Lakini mji wa Altona, uliopakana na Hamburg hata watu wa miji hiyo wakatenganishwa na barabara tu, ulipata wagonjwa wachache. Miji yote miwili ilichota maji katika mto Elbe. Tofauti ni kwamba Altona iliyachuja kwa mchanga, nayo Hamburg haikuyachuja. Hewa ya miji hiyo ilikuwa moja, na watu wake walikuwa wa hali moja. Kilichowatenganisha ni njia ya maji. Mwaka uliofuata Hamburg nayo ilianza kuchuja maji yake. Hapa ndipo fikra kuu ya Koch ilipodhihirika: maradhi yana njia yake, na ukishaijua njia hiyo unaweza kuiziba bila kusimamisha maisha yote ya watu.

Mwaka 1905 Koch alisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Iringa kwa njia ya misafara. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Miaka 7 ilikuwa imepita tangu kifo cha Mtwa Mkwawa, na Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai mwaka huohuo. Katika njia hiyo wapagazi na wasafiri waliugua homa inayokwisha na kurudi tena, yaani homa ya papasi. Wenyeji wa sehemu nyingi za Afrika walikuwa wakimjua papasi kuwa ni mdudu wa kuogopwa, na watafiti wengine huko Uganda na Kongo walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba yeye ndiye anayeieneza homa hiyo. Koch alifukua udongo mkavu wa sakafu za vibanda vya kulala wageni, akawakuta papasi, na akaviona vijidudu hata ndani ya mayai yao. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: msafiri asilale ndani ya vibanda hivyo wala katika kambi za zamani, bali ajitenge navyo kidogo. Msafara haukuhitaji kusimama. Ulihitaji kubadili mahali pa kulala.

Hata hivyo, si kila alilolitenda lafaa kuigwa. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuithibitisha; wagonjwa wakaikimbilia, lakini haikuwaponya. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye sumu, na baadhi yao wakapofuka. Aliwatazama Waafrika kama watu wa kufanyiwa uchunguzi, si kama watu wa kushauriana nao. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, akafariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden.

Je, mwalimu wa Mbeya au Iringa anapata nini katika maisha haya? Kwanza, aulize njia kabla ya kutoa amri. Kipindupindu hupita katika maji, chakula na mikono. Basi shule ichemshe au itibu maji ya kunywa, itunze vyoo, na iweke vibuyu chirizi na sabuni karibu navyo. Kifua kikuu na UVIKO-19 hupita katika hewa. Kwa maradhi hayo ndoo ya kunawia peke yake haitoshi. Madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe hata mwezi Juni, watoto waruhusiwe kuvaa masweta na makoti, na jua likitoka somo lihamie uwanjani. Mtoto anayekohoa apelekwe zahanati bila kuaibishwa.

Pili, asitangaze dawa asiyoijua. Neno la mwalimu hufika kijijini kabla ya jioni.

Tatu, na hili ndilo lililomshinda Koch, awafanye wanafunzi kuwa washiriki. Viazi havina uhaba katika Nyanda za Juu Kusini. Wanachuo wetu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na wachemshe kiazi, wakikate vipande vitatu kwa kisu safi, na kuvitia katika chupa tatu safi za kioo zenye vifuniko. Kipande cha kwanza kisiguswe; cha pili kiguswe na mikono isiyonawa; cha tatu kiguswe na mikono iliyonawa kwa sabuni. Chupa zifungwe na kuwekwa mahali penye joto, karibu na jiko, kwa siku kadhaa. Wanafunzi watazame kila siku na kuchora wanachokiona, bila kuzifungua. Mwishowe chupa zifukiwe zikiwa zimefungwa vilevile.

Mtoto aliyeyaona madoa yale kwa macho yake hatahitaji kiranja wa kumsimamia penye kibuyu chirizi. Naye akirudi nyumbani atawaeleza wazazi wake sababu, si amri tu. Maradhi mengine ya mlipuko yatakuja, na siku hiyo uamuzi wa kufunga au kufungua shule utategemea mambo mengi yaliyo nje ya uwezo wetu. Lakini shule ambayo watoto wake wanazijua njia za maradhi itakuwa na haki ya kuomba milango yake ibaki wazi.