Stanislao Cannizzaro: Mtetezi wa Hoja Iliyosahaulika

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza. Hata hivyo, mwaka wa 1811 Amedeo Avogadro wa Italia alitoa hoja kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika halijoto na shinikizo sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli. Na hoja hiyo ikakosa mnunuzi kwa takriban nusu karne. Avogadro alifariki mwaka wa 1856. Aliyeifufua hoja yake ni Stanislao Cannizzaro.

Cannizzaro alizaliwa mjini Palermo, kisiwani Sicily, tarehe 13 Julai 1826. Alianza kwa kusomea udaktari, kisha akavutiwa na kemia. Wananchi wa Sicily walipomwasi mfalme wao mwaka wa 1848, alijiunga nao. Maasi yalipozimwa, alikimbilia Ufaransa na kuendelea na utafiti jijini Paris. Mwaka wa 1851 alirejea Italia kufundisha Alessandria, na mwaka wa 1855 akawa profesa Genoa.

Enzi hizo, fomula za kemia zilikuwa vurugu tupu. Wanakemia waliweza kupima asilimia ya kila elementi katika msombo, lakini asilimia huonyesha uwiano wa atomu tu, si idadi yake katika molekuli. Benzeni na asetilini, kwa mfano, zote zina takriban asilimia 92.3 ya kaboni na asilimia 7.7 ya haidrojeni. Tukigawanya 92.3 kwa 12, uzito wa atomu ya kaboni, na 7.7 kwa 1, uzito wa atomu ya haidrojeni, tunapata uwiano wa 1:1, yaani CH, yenye uzito wa 13. Ni uzito wa molekuli unaozitenganisha. Ule wa benzeni ni 78, mara sita ya 13, hivyo fomula yake ni C6H6. Ule wa asetilini ni 26, mara mbili ya 13, hivyo ni C2H2.

Mwaka wa 1858 Cannizzaro alichapisha muhtasari wa mihadhara yake, akaonyesha kwamba uzito wa molekuli hupatikana kwa kulinganisha uzito wa gesi au mvuke wenye ujazo sawa. Hakujitwalia sifa, alieleza kuwa msingi wa yote ni hoja ya Avogadro.

Septemba 1860, wanakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani, kutafuta maafikiano. Cannizzaro aliitetea hoja hiyo kwa ufasaha, lakini mkutano ukaisha bila uamuzi. Ndipo rafikiye, Angelo Pavesi, alipowagawia wajumbe nakala za muhtasari ule. Lothar Meyer aliusoma, shaka zikamtoka. Naye Dmitri Mendeleev, aliyehudhuria pia, alitegemea uzito wa atomu uliosahihishwa alipounda jedwali lake la elementi mwaka wa 1869.

Cannizzaro alihamia Roma mwaka wa 1871, akawa profesa na seneta. Alifariki huko tarehe 10 Mei 1910, hoja aliyoitetea ikiwa tayari imekubalika kote katika kemia, nayo ikiendelea kuitwa kwa jina la Avogadro.